Jua la Upande wa Thani

Jumatatu, 6 Januari

Nina miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili na kaka watano. Visima vitatu vimekauka nikiwa hai. Daktari aliyenikataza chumvi, nilimswalia mazishini mwenyewe! Hapa jangwani Sharqiya hakuna aujuaye mchanga kama mimi. Herufi nimejifunza uzeeni, lakini nazijua.

Naandika kwa hasira. Alhamisi iliyopita Thani, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuja kunywa kahawa. Akamtazama Samha, ngamia wangu, akasema hajapata kuona macho kama yale. Nikajibu kama ajibuvyo mtu aliyelelewa: ni wako! Naye alipaswa kusema Mungu akuwekee. Kila mtoto wa hema anajua hivyo. Lakini Thani kakulia Maskati. Akasema ahsante sana, ami. Akafungua kamba. Akaenda naye!

Kumdai siwezi. Neno langu halirudi nyuma. Lakini Samha alikuwa wa marehemu Moza, mke wangu. Alimlea kwa chupa. Mpaka leo akisikia mluzi wa Moza, ambao sasa naujua mimi tu, huja kunipulizia shingoni. Siku ya nne leo shingo yangu ina baridi.

Nina mpango! Kazi yangu ni kuwatembeza wageni jioni wakaone jua likizama. Kesho nawapeleka upande wa kambi ya Thani. Nitamsifu Samha mbele yake. Adabu itambana. Atasema ni wako.

Jumanne, 7 Januari

Wageni wawili, mtu na mkewe, Wabelgiji. Nikawaambia upande ule jua linazama vizuri zaidi. Mke akauliza, kwani jua si moja? Nikajifanya sikusikia. Saa moja na nusu kwa miguu. Mume akapoteza kiatu mchangani.

Samha alikuwa amefungwa nje. Anatazama kwetu! Nikamsifu. Macho, shingo, mwendo. Thani akasema kweli kabisa, ami, ahsante. Basi! Nikasifu tena kwa sauti. Akanimiminia kahawa. Ya mjini, haina hata iliki.

Jua lilizama nyuma ya migongo yetu. Hakuna aliyeliona.

Alhamisi, 9 Januari

Nimegundua kosa. Sifa zilikuwa chache. Dada yangu Zuwaina, ninayeishi naye, anasema kosa ni mdomo wangu. Kwa nini nisimwambie Thani kwamba namtaka ngamia wangu, yakaisha? Nikamwambia yeye hajui mipango. Akasema anaijua sana, maana kila mpango wangu yeye ndiye hufagia baada yake.

Nikaenda na wageni wapya. Nikamsifu Samha robo saa nzima. Mpaka machozi yakanitoka, na hayo hayakuwa ya mpango. Thani akashtuka. Akanishika mkono. Akasema, "Ami, kumbe! Basi mchukue. Ni wako."

Ushindi! Nikafungua mdomo. Mdomo ukasema, "Mungu akuwekee."

Sikusema mimi. Ilisema miaka sabini na minane ya malezi! Thani akasema haya, ami, kama ndivyo utakavyo. Nikaondoka. Nilipofika mbali nikapiga mluzi mara moja tu. Samha akaitikia. Heri asingeitikia.

Jumamosi, 11 Januari

Zuwaina kaenda kwa Thani kwa siri. Aibu! Jioni hii Thani kaja mwenyewe, Samha nyuma yake. Wageni wangu, dada wawili kutoka Korea, walikuwa wanakula tende. Thani akasema ngamia hataki kula, mchana kutwa anatazama huku. Akaniomba nisiseme neno lolote, nishike kamba tu.

Nikashika kamba. Sikusema neno! Zuwaina kanikodolea macho. Samha akasogea, akanipulizia shingoni. Polepole, kama zamani. Nikamwona Moza na chupa yake.

Thani akaanza kuondoka. Kisha akageuka kumwangalia mara ya mwisho. Akasema wallahi, ami, macho haya nitayakumbuka.

Ni wako, nikasema.

Zuwaina akaangusha dele, kahawa yote ikanywewa na mchanga. Thani akanisihi, ami, fikiri vizuri. Nikamwambia mwanamume hafikiri mara mbili. Akasimama, akangoja. Nikamsukumia kamba mkononi.

Kesho kuna wageni sita. Nawapeleka upande wa Thani, jua la huko ni bora. Ila safari hii nitaanza kwa kusifu tandiko.

Anayedhani natunga, amuulize Zuwaina, ingawa hasemi nami. Awaulize wale dada wa Korea, waliopiga makofi. Amuulize Samha, aliyekwenda shingo imegeukia kwangu mpaka kilima cha tatu.