Balozi Watafika Jumamosi

Jumatatu, tarehe 4 Machi 1974

Nafasi ni moja! Professeur Cyprien ametangaza leo asubuhi. Redio ya mjini itachukua mwanafunzi mmoja tu wa kozi yetu awe mtangazaji wa Kiswahili. Kazi ya kudumu. Tuko watano. Wote tuna licence ya chuo kikuu, wote tumekaa shuleni miaka mingi kupita kiasi, na sasa tunafundishwa kupumua mbele ya mikrofoni.

Kwa serikali mimi ni Citoyen Bisimwa, maana majina ya kizungu yamekatazwa tangu mwaka juzi. Lakini humu daftarini mimi ni Modeste, na kila mtu atabaki na jina lake la ubatizo. Daftari linalala chini ya godoro. Halimsemi mtu.

Alhamisi saa kumi na moja ya jioni mmoja wetu atasoma habari moja kwa moja hewani. Habari kubwa ni ziara ya ambassadeur wa nchi rafiki, anayefika Bukavu Jumamosi. Atakayesoma vizuri, kazi ni yake. Wenzangu watatu hawanitishi: mmoja ana kikohozi, wawili wanaogopa taa nyekundu ya studio. Tatizo ni Placide. (Kwa serikali, Citoyen Murhula.) Ana sauti nzito, akisema bonjour kikombe kinatikisika mezani. Yangu ni nyembamba. Maman Domitille, dada ya papa (baba yangu), ninayekaa kwake mtaa wa Kadutu, anasema nikiimba kanisani watu wanageuka kutafuta mtoto aliyebanwa na mlango. Mama mwema, lakini hajui muziki.

Kazi hiyo lazima niipate. Nimeshamwandikia papa kule Luberizi kwamba nimeipata. Barua iliondoka wiki iliyopita kwa lori la mpunga. Nilikuwa nina hakika!

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango wa kwanza: sauti.

Nimesikia kwamba waimbaji wakubwa wanakunywa mayai mabichi na tangawizi. Nikanywa mayai sita ya Maman Domitille kabla hajaamka. Kisha nikateremka hadi kando ya ziwa, nikapiga kelele kwa saa nzima ili kupanua kifua. Wavuvi wawili waliacha kazi wakaja kuniuliza ni nani amekufa.

Saa tatu sauti ilikuwa nzito kweli. Saa nne haikuwepo kabisa! Zamu yangu ya kusoma darasani ikafika, nikafungua kinywa, ukatoka upepo. Professeur aliuliza kama ni dakika moja ya kimya, na kama tusimame. Darasa zima likasimama.

Placide akaniletea chai yenye asali kutoka kwa muuzaji wa barabarani. Wema wa adui unauma kuliko matusi. Nimeinywa yote. Ilikuwa nzuri.

Jioni sauti ilirudi kidogo kidogo, tena chini kuliko zamani, yenye mikwaruzo. Ya mwanaume! Nimeamua kutoitumia nyumbani nisiimalize. Nilimwandikia Maman Domitille vikaratasi vya kuomba chakula. Nilisahau kwamba hajui kusoma. Alidhani nimeweka nadhiri kwa Bikira Maria, akafurahi sana, akanipa kipande kidogo cha nyama ili nadhiri isinisumbue. Kuhusu mayai, anamshuku paka.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mpango wa pili: maneno.

Leo kila mtu aliwasilisha habari yake kwa maandishi. Placide ameandika "ambassadeur", kama kila mtu wa hapa anavyosema. Uvivu! Mimi jana nilipitia parokiani, nikaazima kwa Padre Ignace kamusi ya Kiswahili cha pwani. Humo nikalikuta neno lenyewe: balozi. Tazama lilivyo fupi, lilivyo safi! Nikaweka na wingi wa heshima, kama watu wenye adabu: balozi watafika, balozi watapokewa. Placide hajui hata kwamba heshima ina wingi.

Professeur alisita. Yeye amekulia Kinshasa kwa Kilingala, Kiswahili chake amekitoa vitabuni, kwa hiyo neno alilijua. Aliuliza tu kama masikio ya Bukavu yamelizoea. Placide naye akainua kidole, akasema kwamba neno hilo kwa hapa linasikika vibaya, kwamba mama zetu watalichukua vingine.

Nikasimama. Niliuliza, kwa sauti yangu mpya, kama katika mwaka huu wa authenticité, wa kurudi kwenye asili yetu, Citoyen Murhula anapenda zaidi lugha ya Wabelgiji, na kama Citoyen Professeur yuko pamoja naye.

Placide akashusha kidole. Professeur akatazama dirisha, kisha picha ya Rais iliyo ukutani, kisha kalamu yake. Akasema balozi ni neno zuri sana. Nitasoma mimi!

Imebaki karatasi ya msikilizaji. Ni sheria ya Professeur: kabla ya kwenda hewani, unamsomea habari zako mtu wa nyumbani ambaye hakusoma shule, kisha unaandika alichoelewa. Anasema redio ni ya mama anayechagua maharagwe huku anasikiliza. Basi jioni nikamsomea Maman Domitille, na kweli alikuwa anachagua maharagwe. Nilianza na habari ya pili, ya mavuno ya mpunga Luberizi. Alielewa sana, akanieleza makosa yangu matatu kuhusu mpunga. Habari ya kwanza sikumsomea. Ya nini kuichosha sauti? Kwenye karatasi nimeandika: "Ameelewa yote." Si uongo. Yote niliyomsomea.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimesoma!

Taa nyekundu ikawaka, nikashusha sauti hadi tumboni, nikaanza. Nanakili hapa kwa ajili ya wajukuu wangu:

"Jumamosi asubuhi balozi watafika mjini Bukavu. Balozi watapita katika soko la Kadutu, ambako watatolewa watoto mia mbili. Wazazi wanaombwa kuwaleta watoto mapema, wakiwa wameogeshwa na kupakwa mafuta. Saa sita kamili balozi watapata chakula cha mchana."

Hakuna neno hata moja la Kifaransa! Virginie, fundi wa sauti, mtu wa mtaa wa Bagira asiyeshangazwa na kitu, alifungua kinywa nyuma ya kioo akasahau kukifunga. Alipunga mikono yote miwili. Nikampungia pia. Hata simu ya studio ilianza kulia kabla sijafika kwenye mpunga, na Virginie alipoipokea alisikiliza tu, akaiweka chini pole pole. Wasikilizaji! Siku ya kwanza!

Placide alikuwa amekaa kwenye ngazi nje, ameshika kichwa. Nilimpa mkono. Ni vizuri kuwa muungwana unaposhinda.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku mbaya. Niandike polepole.

Asubuhi niliteremka sokoni nikitegemea pongezi. Soko tupu. Meza tupu, mbwa wawili, mvua. Shuleni mwalimu alikuwa amesimama mlangoni peke yake. Kwa muda nilifikiri wametoa siku ya mapumziko kwa sababu ya ziara, na nikaona nimesaidia.

Nikarudi nyumbani. Mlango umefungwa kwa ndani. Maman Domitille alichungulia, akanivuta, akafunga tena. Ndani kulikuwa na watoto tisa. Wa majirani wote! Wachafu, wakavu, hakuna aliyepakwa hata tone la mafuta. Nikauliza kuna nini. Akasema:

"Haukuskia? Redio ilisema balozi banakuya kesho. Batapita mu soko. Banataka batoto mia mbili, na babapake mafuta mbele. Ile ya midi, njo balozi batakula."

Mungu wangu.

Mulozi mmoja, balozi wengi. Mchawi mmoja, wachawi wengi! Neno hilo nimelisema tangu nilipoota meno. Mama yangu alinitisha nalo kila nilipokataa kunawa. Na kwenye kamusi sikulitambua, kwa sababu lilikuwa limeandikwa vizuri.

Nilijaribu kumweleza kwamba kwa watu wa pwani balozi ni mtu mkubwa, anatumwa na nchi yake. Akaitika, akasema anajua, mulozi hatembei bure, kila mara kuna aliyemtuma. Kisha akaniuliza:

"Na ule aliyesoma, mwenye sauti ya kutoka mu kaburi, ni nani?"

Nikasema sijui. Lakini lazima nikiri humu daftarini: nilifurahi kidogo. Sauti ya kaburini! Hakuna aliyesema nyembamba.

Mpango wa tatu: kusahihisha. Nikazunguka Kadutu nyumba kwa nyumba, nikiwaambia watu wasiogope, balozi hawana ubaya, wanakuja kusalimia tu. Kwenye nyumba ya nne mzee mmoja aliuliza kwa upole nimeyajuaje mawazo ya balozi. Jirani yake akauliza mimi nakaa wapi. Mwingine akaenda kuchukua jembe. Niliteremka ule mteremko wote kwa matako, kwenye matope. Kiatu kimoja kimebaki huko. Sitakwenda kukitafuta.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Hakuna aliyeleta mtoto. Hata mmoja. Bendera ndogo mia mbili walizotakiwa kumpungia mgeni zilibaki ndani ya katoni.

Waliokuja ni mama zao. Barabara nzima ya sokoni, pande zote mbili, wanawake wamesimama, rozari mkononi, maji ya baraka kwenye chupa za bia. Padre Ignace alisema tangu saa kumi na moja alfajiri wamemaliza pipa zima la parokia. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, na kofia ya kuazima. Professeur alikuwa amesimama na wakubwa. Uso wake sitauelezea.

Gari likasimama. Akashuka mzungu mfupi, mnene, mwenye suti nyeupe na kofia, anatabasamu. Maman Domitille akawa wa kwanza. Akamsogelea, akatia ishara ya msalaba, akammwagia chupa nzima kuanzia kichwani. Wengine wakafuata. Wakaanza kuimba wimbo wa Ekaristi, na waliimba vizuri, lazima niseme.

Nikafumba macho. Nilipofumbua, mzungu alikuwa amevua kofia. Alikuwa analia! Kupitia mkalimani alisema amefanya kazi hii miaka ishirini, amepokewa kwa ngoma, kwa risasi za heshima na kwa hotuba, lakini hakuna mji uliowahi kumpokea kwa sala. Akabusu mikono ya mama mmoja mmoja.

Maman Domitille akawageukia wenzake.

"Munaona? Yanamuunguza."

Wakazidisha maji.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Professeur hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa amemwita Maman Domitille darasani, amemketisha kwenye kiti chake mwenyewe, na karatasi yangu ya msikilizaji mkononi. Akamuuliza nilimsomea nini. Akasema mpunga. Na kitu kingine? Hapana, mpunga tu, tena wenye makosa. Ndipo Maman Domitille akanitazama, akaelewa ile sauti ya Alhamisi ilikuwa ya nani. Alisikitika, nikaona, na hapo nami nilitamani ardhi inimeze.

Professeur alisema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Redio haina mikono, Citoyen Bisimwa. Neno likifika vibaya, huwezi kuingia kila nyumba kueleza ulitaka kusema nini. Ulijaribu, nimeambiwa. Ulirudi na kiatu kimoja."

Kazi amepewa Placide, hewani Citoyen Murhula. Anaanza kesho, saa moja ya jioni. Mimi narudia muhula wote, na kila habari nitakayoandika nimsomee Maman Domitille mbele ya shahidi. Placide alikuja kunifariji. Alisema kosa kama langu linaweza kumpata yeyote. Si kweli, na anajua si kweli, lakini alisema. Nilienda nyuma ya studio nikalia kidogo. Basi, nimeandika.

Jioni dereva wa lori la mpunga akaleta ujumbe kutoka Luberizi. Papa amepata barua yangu. Amemkaribisha katekista, mkubwa wa kijiji na wajomba zangu wote. Alhamisi walisikiliza, wakamshukuru Mungu kwamba yule mtu wa balozi hakuwa mimi. Anauliza nitaanza lini, maana wanakaa mbele ya redio kila jioni na mama anawapikia.

Nilifikiri sana. Karibu nusu saa. Ningeweza kuandika ukweli.

Kisha nikaona njia! Majina yanabadilishwa kila siku katika nchi hii, nani atashangaa? Nimeandika barua nzuri, ya kurasa mbili, na dereva ameahidi kuifikisha kesho kabla ya saa sita. Nimemweleza papa kwamba kwa sababu za kazi nimepewa jina jipya la hewani, Citoyen Murhula, asilitafute lile la zamani. Kuhusu sauti, nimeeleza kwamba mikrofoni inanenepesha.

Wakae karibu na redio kesho saa moja. Nitasoma vizuri sana.