Wales Nayo ni Nchi Jirani

Bordesley Green,
Birmingham.
12 Mei 2025

Kwa Ndugu Ofisa unayesoma maombi ya viza ya Thailand yanayoletwa kwa mtandao,

Salamu kwako pamoja na heshima zote. Najua hukunitaka nikuandikie kwa karatasi, na kwamba shughuli zenu sasa zote ni za kubofya. Lakini kisanduku chenu cha maelezo kinakubali herufi mia tano tu, na malalamiko yangu hayaenei humo. Nimejaribu. Yanakatika kwenye neno "Welshpool".

YAH: KUKATALIWA MARA TANO KWA MAOMBI NILIYOYATUMA KUTOKA NCHI JIRANI

Mimi ni Ahmada Shaame Faki, umri miaka sitini na miwili, mzaliwa wa Wete, Pemba, mwenye pasi ya Tanzania na kibali halali cha kuishi hapa. Ni mpishi katika nyumba ya kulelea wazee, Harborne, mtaa wa wenye nazo humu humu Birmingham. Ndugu yangu wa tumbo moja ni mmoja tu, Amour, mdogo wangu, anayefanya biashara ya vito Bangkok.

Mama yetu alipofariki, ndege ilinichelewesha nikafika Wete siku ya pili baada ya maziko. Amour alinipokea mlangoni mbele ya watu wote akasema, "Karibu, mgeni." Tangu siku hiyo hatukusemezana kwa miaka tisa. Mwezi wa Februari mwaka huu akanipigia simu. Alisema amekaa mgane vya kutosha, sasa anaoa, na hana mzee mwengine wa kusimama naye ila mimi. Kwa hiyo utaona, Ndugu Ofisa, kwamba safari hii sikuwa tayari kuchelewa hata kwa saa moja, na ndiyo sababu nikaenda Wales.

Nieleze. Kazini kwetu yuko Barnabas, Mkenya, mhudumu wa wazee na mtu mkweli. Alinihadithia kwamba binamu yake alikuwa akifundisha Kiingereza huko kwenu, na kila viza ilipokaribia kwisha alivuka kwenda Laos, nchi jirani, akaomba nyengine kwa mtandao akiwa huko, akaipata upesi. Siri, alisema Barnabas huku akisubiri sinia za chakula cha mchana, ni nchi jirani. Nikarudi nyumbani nikafungua ramani. Nchi jirani iliyo karibu zaidi na Bordesley Green ni Wales. Ina bendera yake, ina lugha yake, na ukifika mpakani vibao vinabadilika maandishi. Nikaona jambo limekwisha.

Halikwisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Orodha yenu ya nchi ina kasoro. Alhamisi ya mwanzo ya Machi nilipanda treni stesheni ya New Street hadi Welshpool, mji mdogo wa Wales karibu na mpaka. Mke wangu Mwanakhamis alinifungia sambusa sita na koti la pili, kwa kuwa nilikuwa natoka nje ya nchi. Nikakaa kwenye kompyuta ya maktaba. Fomu ikaniuliza sasa hivi niko nchi gani. Wales haimo. Nilipanda na kushuka orodha yote mara tatu. Nikachagua jina lililofanana nalo zaidi, Wallis na Futuna, nikidhani ndilo jina lake la kiserikali. Siku mbili baadaye mkaniomba ushahidi kwamba ninaishi katika Bahari ya Pasifiki. Nikawaletea tiketi ya treni.

2. Mlijibu kwamba tiketi haithibitishi nilifika. Yaani nilinunua tiketi ya Welshpool, kisha nikabaki nyumbani. Sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Hata hivyo nilirudi huko, na Bibi Rita wa maktaba akaniandikia barua, upande mmoja Kiwelisi na upande mmoja Kiingereza, kwamba Bwana Ahmada alikuwepo tangu saa nne asubuhi hadi walipofunga, na kwamba alikuwa mtulivu. Mkasema mnataka hati ya mamlaka inayohusika. Bibi Rita ana funguo za jengo zima. Sijui mlikuwa mnataka mamlaka gani zaidi.

3. Mliitilia shaka picha yangu. Katika maombi ya tatu nilipiga picha rasmi, nimevaa kofia na kanzu, nyuma yangu bendera ya Wales, ili mambo mawili yamalizike kwa picha moja: mimi ni nani, na niko wapi. Jibu lenu lilisema picha ya mwombaji isiwe na mnyama. Yule ni joka, amekaa kwenye bendera kwa idhini ya wenyewe.

4. Kusudi la safari. Mnatoa machaguo ya utalii, biashara, masomo, matibabu na "mengineyo". Nikachagua mengineyo, nikaandika: kusimama. Mkaniuliza kama nitalipwa kwa kusimama huko, na nitasimama kwa muda gani. Nilijibu kwa uaminifu kwamba ni kiasi cha dakika ishirini, halafu tutakaa. Mkafunga faili.

5. Mmenivunjia heshima nyumbani. Binti yangu Nasreen amezaliwa hapa hapa Birmingham. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa vizuri, kisha ananijibu Kiingereza. Alisoma majibu yenu yote mezani, akacheka mpaka mama yake akamtoa. Alidai kuwa Barnabas alikusudia nchi iliyo jirani na Thailand, si nchi iliyo jirani na mimi. Nikamwambia, kama ningeweza kufika mlangoni pa Thailand bila viza, ningekuwa nimebakisha hatua chache tu, na viza ningeitakia nini? Akasema pia kwamba kwa kuwa ninaishi hapa kihalali, ningejaza kuwa niko Uingereza, nikiwa nimelala kitandani mwangu, na pengine ningekwishapata. Nikainuka nikaenda kutazama ratiba ya treni. Baba hajibu kila kitu.

6. La mwisho ndilo linalonikosesha usingizi, na naliandika bila mzaha. Kila mnaponikatalia nampigia Amour kumweleza, na hata siku msiponikatalia nampigia kumwambia kwamba bado hamjajibu. Hucheka mpaka akakohoa. Huuliza Bibi Rita alisema nini, treni ilichelewa wapi, sambusa nilikula ngapi. Lakini nimemwomba aniandikie barua ya mwaliko mara nne, na mara nne amesema anaitafuta kalamu. Harusi imebakisha wiki tatu. Nachelea ameshakata tamaa na mimi, na anacheka kwa kuniona haya tu, kama mtu anavyomchekea mgeni.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo:

Kwanza, Wales iingizwe kwenye orodha. Nafasi ipo, hapo hapo karibu na Wallis, hamna haja ya kusogeza kitu.

Ikiwa hilo litahitaji kikao cha mataifa, basi naomba mkubali Harborne iwe nchi jirani ya Bordesley Green. Ushahidi ninao. Kule watu hukaa mkahawani mchana wa siku ya kazi bila wasiwasi wowote, na nikiwaambia ninakoishi huniuliza kama nitarudi salama. Nabadilisha basi kufika huko. Wapo watu wanaovuka mipaka halisi kwa taabu ndogo zaidi.

Na ikiwa Harborne nayo itakuwa na matatizo, naomba mniteue mimi mwenyewe kuwa mwakilishi wenu Welshpool, kila Alhamisi, bila malipo, meza ya dirishani. Nitapokea maombi ya watu wote wa mpakani. Ombi la kwanza nitakalolisoma litakuwa la Ahmada Shaame Faki, na naahidi kulichunguza kwa ukali kuliko mengine, ili pasiwe na manung'uniko ya upendeleo. Stempu nitaichonga mwenyewe. Niliwahi kuchonga mihuri ya maandazi.

Nimalizie kwa kukusalimia wewe, wenzako wote wa ofisini, na hasa yule aliyeandika habari ya mnyama, ambaye naamini alikuwa amechoka siku ile. Mwanakhamis anakusalimu. Bibi Rita anakusalimu kwa lugha zote mbili. Barnabas anakusalimu pia, na ameniomba nisimtaje jina.

Ni mimi, mwombaji wako asiyechoka,

Ahmada Shaame Faki
(kwa sasa niko Uingereza; kila Alhamisi, Wales)

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari imo ndani ya bahasha Amour alipopiga simu mchana huu. Nikaitoa nimsomee. Nilipofika kwenye ombi la kuteuliwa akanikatiza. Harusi haiko Thailand. Iko Kota Bharu, Malaysia, ng'ambo ya mpaka, nyumbani kwao bibi harusi, na anasema kwa pasi ya Tanzania naingia huko bila kuomba viza. Anasema aliniambia yote hayo siku ile ile ya Februari. Yawezekana. Niliposikia kwamba anaoa na kwamba ananitaka mimi, nilianza kulia, na yaliyofuata sikuyasikia.

Nikamuuliza kwa nini basi ameniacha nihangaike na Welshpool miezi miwili. Akasema, "Kaka, miaka tisa hukunipigia. Sasa unanipigia kila siku. Nilichelea ukijua kwamba huhitaji viza, utaacha."

Kwa hiyo yafuteni maombi yangu yote, Ndugu Ofisa. Na ahsanteni sana kwa kunikatalia.