Matusi kwa Jumla na Rejareja

Danson Wambugu hakuwa mwizi. Mwizi hukesha, hukimbizwa na mbwa, na mwisho wake huwa tairi la moto. Danson aliamka jua likiwa limeshapanda, akavaa koti lake la bluu, akaenda kukaa katika hoteli iliyo karibu na stendi ya Kericho kungoja Mungu ampe mtu mjinga. Asubuhi hiyo, kwa maoni yake, Mungu alimpa kikongwe.

Kikongwe mwenyewe alikuwa ndani ya simu ya mhudumu, ambaye alikuwa ameacha kufuta meza ili atazame. Danson akachungulia. Alimwona mama aliyevuka sabini, ameketi jikoni kwake huko Sosiot, anasugua kibuyu kwa makaa ili agandishe maziwa ya mursik, na anaongea na kamera kama anayeongea na jirani. "Chamgei, watoto wangu. Leo kibuyu kimenikasirikia. Tutakibembeleza." Jina lake lilikuwa Chepkosgei, lakini chaneli iliitwa Jiko la Kogo. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na nusu ya nchi ilikuwa imejifanya wajukuu.

Danson akashuka kusoma maoni. Ubarikiwe Kogo. Kogo, nimepika ulivyosema na mume amerudi. Kogo usife. Alisoma mpaka chai ikapoa na hakuona tusi hata moja. Mtu mwingine angesema hapa pana baraka. Danson aliona shamba zuri ambalo hakuna aliyelilima.

Mpango wake ulikuwa mwepesi, kama mipango yote inayoleta balaa. Kikongwe atukanwe mpaka achoke, kisha Danson aende kumuuzia dawa ya matusi. Tatizo lilikuwa moja tu: Danson mwenyewe hakujua kutukana. Alilelewa Londiani na mama mlokole, na tusi kali alilowahi kulitamka lilikuwa "wewe si mzuri." Kwa hiyo akaenda sokoni kumtafuta Bilhah Nyaberi.

Bilhah aliuza mitumba, na mdomo wake ulijulikana kuliko nguo zake. Mteja aliyeshusha bei kupita kiasi alisindikizwa kwa maneno mpaka barabarani, na wengine walikuja kununua soksi wasizozihitaji ili tu wawe karibu jambo hilo likitokea.

"Unauza matusi?" Danson aliuliza.

"Nauza sweta. Matusi huwa naongeza bure."

"Mimi nataka ya jumla."

Bilhah akaweka chini sweta aliyokuwa akiikung'uta. Alikuwa mfanyabiashara, na neno jumla lilimheshimisha. "Ya mwanaume ama ya mwanamke?"

"Ya mama mzee. Anapika kwa yutubu."

"Ako na makosa gani?"

"Hana."

"Basi hiyo ni bei ya juu. Mtu bila makosa ni kazi mingi."

Wakakubaliana. Danson akanunua simu kuukuu kwa mafundi wa mjini, akajaza boksi la viatu, na kila simu akaipa jina la kutukania mtandaoni: Ukweli Mchungu, Mkali wa Fort Ternan, Dada Asiyelala, na mengine ya aina hiyo. Kila asubuhi Bilhah alimsomea matusi ya siku, naye aliyachagua kama anayechagua nyanya, akigeuza hili na kurudisha lile. Bilhah aliyapeleka mtandaoni kwa simu hizo kila alipopata bando.

Walianza na moshi wa jikoni. Wakaja kwa sufuria. Wakafika kwenye meno, kisha kwenye masikio. Kogo aliyasoma yote, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maoni si barua na si lazima kuyajibu. Mwanzoni aliyajibu. "Pole mtoto, kuni ni mbichi." "Sufuria ni ya zamani, ni kweli." Kisha akaacha kujibu. Kisha kitambaa cha kichwani, ambacho zamani kilikaa juu, kikaanza kushuka mpaka kikafunika masikio, yale masikio yaliyotobolewa na kuvutwa wakati wa usichana wake, yenye ndewe zinazofika karibu na mabega. Mwishowe akaiambia kamera, bila kuitazama, kwamba labda atafunga jiko. Mtu mzima, alisema, anafaa kujua wakati wageni wamemchoka.

Hapo ndipo mtu mwenye moyo angeona haya. Mimi ninayesimulia nilikasirika hata kabla ya kuanza hadithi. Danson alipiga koti pasi.

Alifika Sosiot na kitambulisho shingoni, alichokichapisha mwenyewe kwenye saiba. Kogo alimkaribisha chai yenye maziwa mengi, kama anavyokaribishwa mtu wa heshima.

"Mimi ni wa Kampuni ya Kulinda Heshima Mitandaoni," alisema Danson. "Kogo, tumeona vile wanakuonea. Sisi tuko na mashine. Tunafuta matusi, na tunayafunga yasirudi."

"Mashine," alisema Kogo.

"Kubwa. Iko Nairobi." Akatoa simu na kusoma kwa sauti ya matanga. "Ona hili, kwa mfano. 'Hayo masikio ni yako ama ni vishikio vya sufuria?' Kogo, nililia. Mimi mwanaume mzima, nikalia."

Kogo alishika kitambaa chake. "Hilo sijaliona."

"Yako mengi. Macho huchoka."

Kogo alimwongezea chai. "Kufuta ni vizuri," alisema. "Lakini mimi nataka mtu mwenyewe. Aje hapa, aniombe msamaha nikimwona kwa macho. Ukinipatia huyo, bonasi yangu ya majani chai ikiingia ni yako."

Bonasi ya majani chai, kwa asiyejua, ndiyo hela inayomfikia mkulima mara moja kwa mwaka, ikaezeka nyumba, ikasomesha na kuozesha watoto. Danson alimeza chai vibaya akakohoa mpaka kitambulisho kikageuka.

Sasa, siku hiyo Bilhah hakuwa na bando. Lile tusi la masikio, alilomsomea Danson asubuhi na Danson akalipenda mpaka akalinakili, lilikuwa bado halijatoka sokoni. Lilitoka jioni. Kogo alikuwa ameketi na miwani yake, akaliona likiingia, jipya, likisema neno kwa neno yale aliyosomewa adhuhuri. Hakuwa amesoma sana, lakini alijua kwamba maziwa hayagandi kabla ng'ombe hajakamwa.

Alilia kwanza. Marehemu mume wake alikuwa amemchumbia akiyasifu masikio hayo, naye ameyaficha muda huu wote kwa sababu ya kijana mwenye koti! Kisha akapangusa miwani, akampigia Mzee Kipkurui, kiongozi wa kikundi cha maigizo kanisani, ambaye aliigiza Pilato kila Pasaka na kwa miaka mingi alikuwa akimwomba Mungu nafasi kubwa zaidi.

Danson naye alikuwa sokoni akimshawishi Bilhah.

"Unatubu tu kidogo, tunaenda."

"Kutukana najua. Kutubu sijawahi. Itabidi umeongeza."

Siku ya kutubu ilipofika, walikuta uani viti vya plastiki vimepangwa, na juu yake wazee wenye kofia na makoti, kimya, wamekunja nyuso. Simu ya Kogo ilikuwa imeegemezwa kwenye mkebe wa sukari, ikirekodi. Danson hakujali. Aliyekuja kuaibika alikuwa mtu mwingine.

Bilhah alipiga magoti. Alikuwa amejiandaa na kitunguu ndani ya leso. "Kogo, ni mimi niliandika," alisema. "Nisamehe."

Kogo alifungua kitambaa, akakiweka mapajani. "Tazama vizuri, mtoto wangu," alisema. "Ndiyo haya. Ulikuwa hujayaona."

Bilhah alitazama. Kitunguu hakikuhitajika. Alilia kilio cha mtu aliyelelewa na nyanya, akalala miguuni pa Kogo akitaja vitu ambavyo hata hakuviandika, mpaka Danson akaanza kuhofia kwamba atalipishwa kwa kila chozi.

Ndipo Mzee Kipkurui aliposimama, akajikohoza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa mila yetu," alisema, "mtu hatubu kama yatima. Ni nani amemleta huyu msichana?"

"Ni mimi," alisema Danson upesi, akinusa bonasi.

"Kumbe ni wewe. Basi anayemleta mkosaji anasimama kama baba yake. Na baba huleta mtamba wa ng'ombe."

"Mtamba?"

"Mwenye mimba, kama ni rahisi. Hatulazimishi." Wazee wakaguna pamoja, wote kwa sauti moja, walivyofundishwa. "Ama wewe ni mgeni, hujui mila?"

Swali hilo lilikuwa limepimwa likamtosha. Danson alizaliwa Londiani, na maisha yake yote alikuwa akijigamba kwamba mila za huku anazijua kuliko wenyewe. Katika nchi hii tuliyochanganyika, kila mtu anajua mila za jirani kwa kusikia, na hakuna anayeuliza, kwa sababu kuuliza ni kujitangaza kuwa umeshuka kwenye gari jana.

"Mila naijua sana, mzee," alisema Danson. "Nilikuwa nangoja tu uitaje."

Njiani alipiga hesabu. Mtamba ni kitu kidogo, bonasi ni kitu kikubwa. Akauza simu zote za lile boksi, akauza na kompyuta yake, akaongeza akiba aliyokuwa nayo. Wiki iliyofuata wachuma chai walisimama kutazama kijana mwenye koti la bluu akivutwa kwenye kijia na mtamba mweusi ambaye alikuwa na mawazo yake mwenyewe kuhusu safari hiyo.

Kogo alimpokea mnyama kwa kumpapasa mgongo. Wazee wakapiga makofi. Danson akanywa mursik, akasifu, akajikuna shingo.

"Sasa Kogo, ile bonasi."

"Bonasi gani?" aliuliza Kipkurui. "Umeleta mtamba, umekuwa mtoto wa nyumba hii. Umewahi kuona mtoto akimlipisha nyanya yake?"

"Lakini tulikubaliana..."

"Mlikubaliana ukiwa mgeni."

"Kongoi, asante, mtoto wangu," alisema Kogo, na kwa kweli alionekana kumpenda.

Video ilitoka Jumamosi. Danson aliiona katika hoteli ileile, baada ya mhudumu kuisogeza simu karibu na uso wake ili alinganishe. Yote yalikuwemo: magoti ya Bilhah, "mila naijua sana," koti, mtamba. Mwishoni Kogo aliketi kichwa wazi, masikio nje, Bilhah akiwa kando yake kwenye kigoda. "Watoto wangu," alisema, "hiyo mila haiko. Tuliitunga hapa na Mzee Kipkurui tukinywa chai. Jiko halifungwi. Na huyu Bilhah ameandikwa kazi. Wale wa adabu ndogo, atakuwa anawajibu yeye." Nyuma yao Kipkurui aliinama, mara mbili.

Maoni yalikuwa mengi kuliko ya video zote zilizotangulia. Huyo ng'ombe ndiye alikuwa analeta mtu. Koti ameazima kwa chifu? Danson aliyasoma yote, hadi la mwisho, na yalimuuma. La koti lilimuuma zaidi, maana koti alilipenda kwa dhati. Wala huko mjini hakubaki mtu wa kumuuzia chochote, kwa kuwa hata watoto walimwamkia kwa kulia kama ndama.

Hasira ikampanda. Kwenye simu yake mwenyewe alikuwa amebakiza jina moja kati ya yale ya boksi, Ukweli Mchungu. Akalifungua amwage yaliyo moyoni. Yaliyo moyoni hayakutoka, kwa sababu kipaji hicho hakuwa nacho. Akaandika lile analolijua: "Hayo masikio ni yako ama ni vishikio vya sufuria?"

Jibu lilikuja kabla hajashusha kikombe, kutoka Jiko la Kogo, na mkono ulioliandika aliutambua mara moja.

"Danson, hilo ulinunua kwangu. Mali ikishauzwa hairudishwi."