Mratibu wa Bustani ya Paani

Jumatatu, 4 Machi

Ofisi yangu ni tanuri. Bati juu, jenereta dirishani. Mimi, msaidizi wa msimamizi wa majengo ya chuo kizima, naokwa kama mkate! Ng'ambo ya uwanja kuna jengo jipya alilolichora shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, msanifu majengo. Kuta nene za tofali za udongo wa kushindilia. Juu, mahali pa bati, udongo uliopandwa nyasi na maua. Ndani, ubaridi wa mtungi. Bila feni!

Mwaka jana kikaoni nililiita kichuguu. Watu walicheka mpaka machozi. Leo nimeingia kuona kama bado linachekesha. Nimesinzia.

Kumebaki chumba kimoja, cha kona. Mkutubi anakitaka kwa ajili ya magazeti ya zamani. Magazeti hayatoki jasho. Mimi natoka.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwendea shemeji nikausifu udongo wake. Akanitazama kama anatazama ufa. Akauliza kama ni udongo uleule wa kichuguu. Nikasema binadamu hukua. Akasema anayegawa vyumba ni Mkuu wa Chuo, si yeye.

Kwa Mkuu, basi. Nikamweleza kuwa paa lenye uhai linahitaji mlezi, na mlezi hakai mbali na mwanawe. Kakubali! Sasa mimi ni Mratibu wa Bustani ya Paani. Chumba nitapewa wakaguzi wa majengo wakishapita Jumamosi. Wakiridhika, hosteli mpya nayo itajengwa kwa udongo. Wasiporidhika, tunarudi kwenye saruji na bati, na shemeji atafute kazi kwingine.

Mkutubi amenipita bila salamu. Raha iliyoje!

Jumatano, 6 Machi

Tatizo dogo. Nyasi zimefika magotini. Shemeji anataka zipunguzwe kwa mkasi, taratibu, na maua yasiguswe, kwa kuwa mizizi yake ndiyo inayoshika udongo mvua ikinyesha. Mkasi! Paa zima! Nimekata eneo la mkeka mmoja, kiuno kikagoma.

Mkutubi alitoka nje na kiti, akakaa kutazama.

Ijumaa, 8 Machi

Wazo! Mama mkwe ana mbuzi. Mbuzi hana kiuno cha kulalamika. Nilimwambia mama kuwa chuo kinamhitaji mbuzi wake kwa utafiti. Alifurahi sana, akamwogesha na kumfunga utepe shingoni. "Ila mwanangu," akaniambia, "huyu anapenda maua kuliko chochote." Nikadhani anamsifia.

Kumpandisha ngazi ya nyuma ilikuwa vita. Kanipiga teke mara kadhaa. Nimemfungia lango huko juu, alale kazini. Kisha nikashuka chumba cha kona kupima mahali pa meza yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Mbuzi hakugusa nyasi. Alikula maua yote, halafu akachimbua mizizi. Kisha mvua. Wakaguzi wanafika na miavuli, shemeji mbele anaeleza jinsi paa linavyokunywa maji, na mlizamu wa kushushia maji ya paa ukammwagia mkaguzi mkuu tope kichwani. Juu, mbuzi akalia, utepe ukipepea.

Shemeji hakupiga kelele. Aligeuka tu akaniangalia. Afadhali angepiga kelele. Nilijificha nyuma ya Mkutubi, naye akasogea pembeni.

Mkaguzi mkuu akajipangusa, akaingia ndani. Akapapasa kuta. Akatazama dari kila chumba. Hakuna tone! Akatoka akisema kuwa jengo linalostahimili mvua hii na mbuzi yule juu halina haja ya kutetewa. Hosteli imepita. Shemeji akakaa chini palepale kwenye tope, akalia na kucheka kwa pamoja.

Nikawahi kueleza kwamba mbuzi alikuwa jaribio langu la kitaalamu. Mkuu akauliza mwenye mbuzi ni nani. Shemeji akajibu, "Ni wa mama yangu."

Jumatatu, 11 Machi

Magazeti yamepewa chumba cha kona.

Mimi bado Mratibu. Mkuu kaagiza nipande upya paa zima kwa mkono, juani. Shemeji ananipandishia miche kwenye kapu. Haniiti shemeji tena, ananiita Mratibu. Mke wangu yuko upande wa mdogo wake. Mama mkwe yuko upande wa mbuzi, ambaye maua yamemsumbua tumbo.

Lakini huku juu nimepata utulivu wa kufikiri, na kosa nimeliona. Halikuwa langu. Nilichagua mnyama mwenye meno. Hosteli itakuwa na paa kubwa mara mbili, na chumba cha mlezi kimo kwenye ramani, nimechungulia. Maua yake yatahitaji nyuki. Seremala wa chuo ana mizinga iliyojaa nyuki, nimeshamwomba anipe wiki hii, ili wazoee mazingira mapema. Ataileta Alhamisi. Kwa sasa nitaiweka ofisini kwangu.

Nyuki hawali maua. Na ukiwaendea kwa heshima, hawana neno na mtu.