Kerezo la Pazi na Kigoda cha Mwanamvua

Jumatatu, 3 Agosti 1936. Kisarawe.
Kerezo langu dogo la kuzungushia mbao linataka watu wawili: mmoja avute kamba, mwingine ashike patasi. Mvutaji alikuwa marehemu mke wangu, Mwanamvua. Miezi saba sasa. Alivuta huku akitafuna karafuu. Kigoda chake kipo palepale. Mzee Kitwana anamwoza binti Jumapili. Anataka matendegu manne ya kitanda Ijumaa, la sivyo atakwenda kwa fundi mwenzangu Pazi. Pazi! Nimefunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu, nivute mwenyewe. Nimeanguka mara mbili.

Jumanne, 4 Agosti.
Swaumu, mdogo wa marehemu, ameleta mihogo. Akasema, shemeji, kamba naijua, nitakuvutia. Nimekataa. Mjane wa watu asichoke kwa ajili yangu. Mpango ninao! Pazi ana kerezo kubwa la gurudumu, unakanyaga peke yako. Tumebadilishana, langu kwa lake. Amekubali upesi mno. Mjinga!

Jumatano, 5 Agosti.
Wanaume wanne wamelibeba. Mlango haukutosha, tumeng'oa fremu. Ndani nafasi ilikuwepo, ila ni ya kigoda. Sikukisogeza. Basi mguu mmoja wa kerezo umekaa juu ya kizingiti. Linacheza mdundiko! Tendegu la kwanza limetoka kama muhogo. Pazi akapita, akauliza kitanda ni cha bwana harusi au cha mlevi.

Alhamisi, 6 Agosti.
Nimerudisha kubwa, nimepewa dogo langu. Pazi amechukua na jogoo wangu. Swaumu alikuja. Alikaa kwenye kigoda, akashika kamba. Nilitaka kumwambia asikae hapo. Patasi ikaanza kuimba, nikaendelea kuchonga. Matendegu manne kabla ya magharibi! Na yeye hutafuna karafuu. Nilisema vumbi limeniingia machoni.

Ijumaa, 7 Agosti.
Mzee Kitwana amefurahi, ameagiza kitanda kingine. Swaumu ameuliza, shemeji, nije na kesho? Na keshokutwa? Na siku zote? Maskini, ana huruma sana! Nimemwambia asijisumbue: nimesikia Saburi wa Mlandizi anauza kerezo kubwa kuliko la Pazi. Akasema, haya, kalioe hilo kerezo. Ameondoka na mihogo yake. Sijui nimemkosea nini.

Jumatatu naenda Mlandizi. Mlango hauna fremu tena. Safari hii litapita!