Naomba Kunyanyaswa Kidogo Kabla ya Ijumaa

Ndugu Mkuu wa Utumishi,

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni yule mkaguzi wa hesabu wa ghorofa ya tano anayekaa dirishani. Nakuandikia kwa masikitiko kulalamikia jinsi kampuni inavyonizuia kuacha kazi.

Kaka yangu ni seremala. Tuliahidiana tangu utotoni kwamba tutafungua karakana pamoja, na yeye ameshaifungua. Kibao cha mlangoni kimeandikwa "Kaka na Mdogo Wake". Kila asubuhi anafuta vumbi kwenye meza yangu ya kazi, ambayo sijawahi kuigusa. Nikipita pale naona haya. Mbao nazipenda kwa moyo wote, lakini ninyi mmeniwekea vikwazo vifuatavyo:

1. Kiti. Kinazunguka, kinalala, kinabembeleza mgongo. Kila nikikikalia niandike barua ya kujiuzulu, napitiwa na usingizi kabla ya kutia sahihi.

2. Mshahara unaingia kabla sijaanza kuusubiri. Mtu atapata wapi hasira ya kuondoka?

3. Bima ya afya ilimtibu mama mkwe magoti. Sasa anatembea vizuri mno, na kila wiki anafika kwetu kuuliza kama bado nipo kazini.

4. Bosi wangu. Juzi nilichelewa makusudi ili anifokee. Akanipa pole ya foleni, akaniagizia chai. Niliinywa, lakini kwa uchungu.

5. Nilipodokeza kwamba nataka kuondoka, mlinipandisha cheo. Huu ni uonevu.

Hivyo naomba, kwa heshima zote, ninyanyaswe kabla ya Ijumaa. Ninyang'anywe kiti. Nisingiziwe jambo dogo. Ikishindikana kabisa, mlinzi anizuie getini, nitamshukuru. Kaka amechoka kusubiri, na mimi nimechoka kumwambia mwezi ujao.

Nisalimie wote idarani, pamoja na mpishi wa kantini, ambaye naye ni sehemu ya tatizo.

Wako mtiifu, kupita ninavyotaka,
Mkaguzi wa ghorofa ya tano

N.B. Kaka amekuja leo asubuhi kunitoa kwa nguvu. Mapokezi wamemkalisha kwenye lile kochi la ngozi, chini ya kiyoyozi, wakampa kahawa. Nimeshuka sasa hivi kumwona. Ameniuliza kwa sauti ya chini kama kampuni inahitaji seremala. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Nafasi ikiwepo, anaweza kuanza Jumatatu. Kile kibao tutakibandua wenyewe.