Mfalme Aliyekufa Bila Gambuti

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimepata wazo! Gazeti kuukuu lililofungiwa nyama linasema Marekani, televisheni ilipokuwa changa, kampuni zililipia mchezo wa kuigiza kila wiki, mpya kila mara, jina la kampuni likitangulia. Nimekimbilia kwa Nganga, muuza gambuti, viatu virefu vya mpira, hapa Kiptere. Amekubali! Tutaigiza kwenye kituo cha majani chai, watu wakisubiri lori la kiwanda lije kupima na kubeba majani yao. Masharti: waigizaji wote wavae gambuti zake, na watazamaji wakae mpaka mwisho, hata kama ni siku moja tu wiki hii. Wakikaa, atadhamini mwaka mzima, nami sitachuma chai tena. Mke wangu Rodah amesema chai haijui kama mimi ni mwandishi.

Jumatano, 8 Juni
Mchezo wa kwanza: arusi ya huzuni. Rodah bibi arusi, gambuti hadi magotini. Watu wamecheka! Nilipofungua kinywa nile kiapo, lori likanguruma. Wote mbio kwenye mizani, bibi arusi mbele na gunia letu. Nimebaki na mchungaji, naye alikuwa anavua kanzu akimbie pia.

Alhamisi, 9 Juni
Nganga amekuja na kalamu nyekundu. Eti kwa nini bibi arusi alilalamika baridi ya miguu? Kisha akasoma mchezo wa kesho, ambapo mimi, mfalme, ninakufa. Akapiga meza. "Kwa gambuti yangu hakuna mtu anakufa!" Tumebishana saa nzima. Mwisho tumekubaliana mfalme avue kwanza.

Halafu nimemwendea Phelix, dereva wa lori. Nimemwomba kesho akae hotelini mpaka nife. Chai na mandazi nitalipa mimi.

Ijumaa, 10 Juni
Ushindi! Gambuti ya kushoto ilikataa kutoka. Askari wawili wakavuta, mfalme akiaga dunia kidogo kidogo. Hakuna aliyeondoka. Wamelia! Phelix mwenyewe, lori ameliacha hotelini, alikuwa mstari wa mbele, akalia kuliko wote. Nganga akanishika mkono.

Kisha mtu akafungua gunia lake. Majani yalikuwa yamechemka kwa kukaa gunini muda mrefu, mekundu. Karani wa mizani akakataa yote, ya kila mtu. Alipoulizwa kwa nini lori lilichelewa, Phelix, bado na machozi, akataja mandazi yangu.

Jumamosi, 11 Juni
Wazee wameamua nichumie kila nyumba siku moja. Nyumba thelathini na nane! Nganga amejitoa. Nimeona aibu kweli, yale yalikuwa majani ya majirani zangu.

Leo nimeanza shambani kwa Aron. Rodah amekuja bila kuitwa, akashika mstari wa pili. Baadaye akasema, "Lakini Baba Chepkirui, ulikufa vizuri." Nimempenda upya.

Nikainua kichwa. Wachumaji saba, wamezama kwenye chai hadi kiunoni, na lori halisikiki kutoka huku. Hawa watakimbilia wapi?

Nganga anauza makoti ya mvua pia. Jumatatu nitapita kwake.